Atajwe Nani? Mwongozo kwa Mfasiri wa Kiswahili Anayetafuta Wateja LinkedIn

Ni saa tisa alasiri, Jumanne. Katika kampuni moja ya tafsiri huko Ulaya, meneja wa miradi amepokea fomu za ridhaa za wagonjwa, maneno 6,000, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mteja anazitaka Ijumaa asubuhi, na mfasiri aliyezoea kumpa kazi amefiwa, yuko kijijini. Meneja hana muda wa kutangaza nafasi wala kusoma CV mia. Anamgeukia mwenzake: "Unamjua mtu wa Kiswahili?" Kisha anafungua LinkedIn na kuandika maneno matatu kwenye sehemu ya kutafutia. Kabla ofisi haijafungwa ameshamwandikia mtu.

Nataka mtu huyo uwe wewe. Nimeuandika mwongozo huu kwa mfasiri na mkalimani wa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha, lakini mhasibu, mhariri au mchora ramani za nyumba anaweza kufuata hatua hizi hizi akabadilisha mifano tu.

Elewa kwanza kazi inavyosafiri

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nilituma CV kwa kampuni za tafsiri karibu kila usiku. Majibu niliyoyapata yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna hata moja lililozaa kazi. Kazi ya kwanza yenye malipo ya maana ilitoka kwa mkalimani wa Kifaransa niliyekunywa naye chai mara mbili kwenye warsha jijini Arusha. Hakuwa rafiki yangu wala mteja wangu. Aliulizwa na mtu mwingine, akanikumbuka, akanitaja.

Wakati ule niliona ni bahati. Baadaye nikajua kuna utaratibu ndani yake. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Waliojibu kwamba walionana naye mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Zaidi ya nusu walikuwa wakionana naye mara moja moja tu, na zaidi ya robo kwa nadra sana. Sababu yake si ngumu: rafiki wa karibu anakaa na watu unaokaa nao na anasikia habari unazozisikia. Anayekufahamu kidogo anaingia nyumba usizoingia wewe. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliowahusu watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, nao ukaonyesha kwamba watu wa kufahamiana kwa kiasi waliwasaidia zaidi wenzao kuhamia kazi mpya kuliko wale wa karibu sana. Tafiti hizo zilihusu ajira, lakini kwa sisi tusio na mwajiri, kila mteja mpya ni ajira ndogo.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili tangu zamani, maana tuna mshenga. Kijana hajipeleki mwenyewe kwa wazee wa binti. Anatumwa mtu, naye anakwenda kusimama kwa heshima yake. Lakini mshenga hatumwi bila maneno. Akifika huko ataulizwa: kijana wenyewe ni nani, wa ukoo gani, anafanya kazi gani, tabia yake ikoje? Akibabaika, posa imeharibika.

Kazi yako LinkedIn ni hiyo hiyo: kuwapa maneno washenga ambao hata hujui kama watatumwa. Mtu anayekufahamu kidogo awe na uwezo wa kukutaja kwa sentensi moja, bila kubabaika na bila kuogopa kwamba utamwaibisha. Hatua zote zinazofuata zinatumikia lengo hilo.

Hatua ya 1: Chagua wateja unaowataka

Wateja wa Kiswahili wako wa aina nyingi, na kila aina inatafuta kwa maneno yake.

Wapo wa kampuni za tafsiri, ambako anayekutafuta ni meneja wa miradi au msimamizi wa wafasiri. Hawa ndio wengi, na ndio wanaoishi ndani ya LinkedIn.

Zipo taasisi na mashirika. Arusha peke yake ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Kila uamuzi wa namna hiyo huleta nyaraka na mikutano, na nyaraka na mikutano huhitaji watu.

Wapo wateja wa moja kwa moja. Tangu sheria ya Tanzania ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mawakili wenye mikataba na vielelezo vya Kiingereza wana haja na mfasiri wa sheria anayeaminika.

Wapo pia wa ng'ambo wanaohudumia wahamiaji. Wakongo wengi waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanazungumza Kiswahili, na hospitali za huko zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumhudumia hata asiyejua Kiingereza. Ndipo ukalimani wa simu unapoingia. Kumbuka tu kwamba Dar es Salaam iko mbele ya New York kwa saa saba au nane kutegemea majira, kwa hiyo mchana wao ni usiku wako. Na kama hukijui Kiswahili cha Kongo, sema hukijui. Mgonjwa wa Bukavu asiyekuelewa atadhurika, na aliyekutaja hatakutaja tena.

Chagua aina mbili tu za kuanzia. Anayesema anatafsiri kila kitu hakumbukwi kwa lolote.

Hatua ya 2: Andika wasifu unaoweza kurudiwa kwa mdomo

Mstari ulio chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220, na unakufuata kila unapokwenda: kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye maoni unayoacha, kwenye mwaliko unaotuma. Tazama mistari miwili hii. Wa kwanza:

"Mtaalamu wa lugha mwenye ari na uzoefu, napenda mawasiliano na tamaduni."

Wa pili:

"Mfasiri wa Kiingereza–Kiswahili (Tanzania): afya na utafiti wa tiba. Fomu za ridhaa, dodoso, maelezo ya dawa."

Wa kwanza mshenga hawezi kuubeba. Wa pili anaweza kuusema akiwa amesimama kwenye korido: "Namjua dada mmoja wa Dar, anatafsiri mambo ya afya, fomu za ridhaa hasa." Huo ndio mtihani wa mstari wako. Msomee mtu asiye wa fani yako, ngoja siku moja, kisha mwulize unafanya kazi gani. Akikosea, uandike upya.

Ikiwa wateja unaowalenga wako ng'ambo, mstari huo na wasifu wote uwe kwa Kiingereza, na hapa pana jambo dogo lenye faida kubwa: weka "Swahili" na "Kiswahili" vyote viwili. Wazungu wengi hutafuta kwa jina la kwanza, waliowahi kufanya kazi Afrika Mashariki hutafuta kwa la pili. Taja na nchi, kwa sababu kampuni hutenganisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya.

Sehemu ya maelezo ina nafasi ya herufi 2,600. Huna haja ya kuzimaliza. Andika aya nne fupi. Ya kwanza iseme unamsaidia nani na kwa kitu gani. Ya pili itaje kazi za mfano bila kutaja siri za mtu: "dodoso la lishe kwa kaya za vijijini, maneno 12,000" inatosha. Ya tatu itaje zana unazotumia, kama Trados au memoQ, idadi ya maneno unayoyamudu kwa siku, na kama unakubali kuhariri tafsiri ya mashine. Ya nne iseme namna ya kukupata na saa unazopatikana. Mistari miwili ya kwanza iwe na uzito, kwa sababu ndiyo inayoonekana kabla msomaji hajabonyeza kufungua iliyobaki.

Picha iwe ya uso wako, yenye mwanga wa kutosha, bila miwani ya jua. Picha ya harusini iliyokatwa bega la mtu pembeni haifai.

Hatua ya 3: Ungana na washenga, usikimbilie wateja tu

Wengi wakifungua LinkedIn huwatafuta mameneja wa miradi peke yao. Hao wanapokea mialiko mingi kila wiki. Anza na wanaoulizwa swali lile la "unamjua mtu wa Kiswahili?"

Nao ni hawa: wafasiri wa lugha nyingine wanaofanya kazi kwenye fani yako, kwa mfano Kiamhari, Kisomali, Kinyarwanda au Kifaransa, kwa sababu mradi wa afya wa kanda nzima huhitaji lugha zote hizo kwa pamoja. Wafasiri wenzako wa Kiswahili, ambao wakizidiwa na kazi hutafuta wa kumwachia. Maofisa wa miradi na watafiti mliowahi kukutana nao kwenye warsha. Walimu wako wa chuo na mliosoma nao. Wahariri na wachapaji.

Nisisitize kuhusu wafasiri wenzako wa Kiswahili. Wengi wetu tunaogopana kama wauza nyanya wa meza jirani. Lakini hakuna mfasiri mmoja anayemaliza maneno 40,000 kwa wiki, na kazi kubwa huombwa hivyo. Mwenzako ni mlango wako.

Alika watu watano kwa wiki, kila mmoja kwa sababu unayoweza kuitaja. Watano kwa wiki ni zaidi ya 200 kwa mwaka. Hilo ni kundi kubwa la watu wanaojua unafanya nini.

Hatua ya 4: Ujumbe wa kwanza usiombe kazi

Angalia ujumbe huu, ambao nami niliwahi kuutuma kwa watu wengi:

"Habari. Mimi ni mfasiri mzoefu wa Kiswahili. Nipo tayari kwa kazi yoyote. Naambatisha CV. Natumaini kusikia kutoka kwako."

Ujumbe huo unampa msomaji kazi ya kufanya na haumpi sababu ya kuifanya. Sasa tazama huu, kwa mkalimani mliyekutana naye:

"Habari za siku nyingi, Bi. Salma. Tulikaa meza moja kwenye warsha ya lishe Arusha mwezi wa pili. Maelezo yako kuhusu kukalimani takwimu yalinisaidia sana. Ningependa tusipoteane."

Au huu, kwa meneja wa miradi usiyemjua kabisa:

"Habari, Anna. Nimesoma ulichoandika kuhusu madodoso ya Afrika Mashariki. Natafsiri madodoso ya afya kwa Kiswahili cha Tanzania, na tatizo ulilolitaja la vipimo vya 'nakubali sana' na 'nakubali' nakutana nalo kila mara. Nimefurahi kuona mtu analijadili."

Hakuna ombi ndani yake. Kuna salamu, kuna sababu, kuna ishara kwamba umesoma. Kwetu mtu habishi hodi na hapo hapo akataja shida yake. Anaketi kwanza, anajuliana hali na wenyeji. Adabu hiyo inafaa hata mtandaoni. Akikubali mwaliko, mshukuru, kisha mwache. Baada ya wiki kadhaa, ukiwa na kitu cha kumfaa, mwandikie tena. Ukishafahamika, kusema wazi "mwezi huu nina nafasi, ukisikia kazi ya afya unikumbuke" ni haki yako, na watu huipokea vizuri.

Hatua ya 5: Andika kile mteja asichojua kwamba hakijui

Tuna methali inayotuponza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi huitumia kujinyamazia, wakisubiri ubora wao ugunduliwe. Lakini hata embe zuri muuzaji hulitoa kwenye gunia akalipanga juu ya meza. Kuandika LinkedIn ni kupanga meza.

Usiandike kwamba wewe ni hodari. Onyesha tatizo moja na ulivyolitatua. Chukua mfano wa saa. Karatasi ya miadi inamwambia mgonjwa afike "8:00 a.m." Mfasiri mzembe, au mashine, ataandika "saa 8:00 asubuhi". Mswahili akisoma anakwama: saa nane ni mchana, jua likiwa limeshapita utosini, sasa asubuhi inatoka wapi? Mmoja atafika saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana akute zahanati imefunga foleni. Tafsiri sahihi ni "saa 2:00 asubuhi". Kwenye karatasi ya dawa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu "kila baada ya saa 8" ni muda wa kupita na namba haibadiliki, lakini "unywe saa 8" ni wakati wa siku, na namba lazima ibadilike. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, mstari chini ya mstari.

Andika hayo kwa maneno 150, kwa lugha ya mteja wako, na umalizie kwa ushauri mmoja anaoweza kuutumia leo: kwamba amwombe mfasiri aandike "asubuhi", "mchana" au "usiku" kila penye saa. Meneja asiyejua neno hata moja la Kiswahili atakuelewa, na hatausahau mfano huo. Siku akiulizwa, atasema, "Yule wa mambo ya saa." Mshenga wako ameshapata maneno.

Una mifano kama hiyo kila wiki. "Consent" iwe ridhaa au idhini? "You" ya dodoso iwe wewe au ninyi? "Nephew" ni mpwa ikiwa ni mtoto wa dada wa mwanaume, lakini mtoto wa kaka yake ni mwanawe. Weka daftari karibu na kompyuta, na kila unapokwama kazini andika pale pale. Chapisho moja kwa wiki linatosha. Siku usizochapisha, acha maoni ya maana kwenye machapisho ya wengine, kwa sababu maoni huonwa na watu wa mwandishi huyo, nao ndio usiowafikia.

Jambo moja usilifanye: usichapishe kipande cha hati ya mteja, hata ukifuta majina. Umetia saini mkataba wa kutunza siri, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kama Kenya ilivyo na ya kwake ya 2019. Tunga mfano wako mwenyewe.

Hatua ya 6: Omba ushuhuda ukiwa wa moto

Mteja akikuandikia "asante, kazi nzuri", siku hiyo hiyo mwombe ushuhuda kwenye wasifu wako. Ukingoja miezi mitatu atakuwa amesahau kilichomfurahisha. Msaidie pia kwa kumkumbusha: "Ingenisaidia ukitaja kwamba tuliwasilisha dodoso kabla ya muda, na jinsi tulivyorekebisha maswali baada ya majaribio ya Dodoma." Ushuhuda wa tatu au wa nne wenye mambo halisi una nguvu kuliko pongezi 50 za jumla. Nawe waandikie wenzako ushuhuda wa kweli bila kusubiri kuombwa.

Hatua ya 7: Jikinge

Meza iliyopangwa barabarani huonwa na wezi pia. Kuna wanaochukua CV za wafasiri, wakabadilisha anwani ya barua pepe na kujiuza kwa jina lako. Usiweke CV nzima hadharani, wala tarehe ya kuzaliwa, wala namba ya kitambulisho.

Kuna anayekutumia hundi kubwa kuliko bei mliyokubaliana na kukuomba umrudishie chenji. Hundi itakataliwa benki baada ya wewe kutuma pesa zako halisi. Kuna anayeomba "jaribio" la maneno 2,000. Jaribio la kawaida ni maneno 200 au 300. Anayetaka zaidi huenda anawagawia wafasiri kumi hati moja na kuipata bure.

Kabla ya kukubali kazi kwa kampuni usiyoijua, tazama kama anwani ya barua pepe inalingana na tovuti yao, na uangalie sifa zao za ulipaji. ProZ, mtandao wa wafasiri ulioanzishwa 1999, una Blue Board ambako wafasiri huandika uzoefu wao na kampuni.

Hatua ya 8: Mazungumzo yakifika kwenye bei

Kubalianeni mambo matano kwa maandishi kabla hujagusa neno la kwanza: bei, maneno yanahesabiwa wapi, tarehe ya kuwasilisha, siku za malipo, na nani anabeba makato ya benki. La pili lina uzito kwetu. "I will call you" ni maneno manne, "nitakupigia" ni moja. Sisitiza hesabu ifanywe kwenye matini chanzi, ambayo wote mnaiona kabla kazi haijaanza. Kuhusu malipo, kampuni nyingi hulipa siku 30 au 60 baada ya ankara, kwa hiyo jipange kuishi miezi miwili kabla pesa ya kwanza haijaingia. Kwa mteja wa moja kwa moja, omba kianzio.

Ratiba ya wiki

Haya yote yanahitaji nusu saa kwa siku, siku tano. Jumatatu, andika chapisho lako. Jumanne, alika watu watano. Jumatano, acha maoni matatu yenye maana. Alhamisi, julia hali watu wawili mliopotezana nao. Ijumaa, rekebisha sehemu moja ya wasifu au omba ushuhuda. Baada ya nusu saa, funga. Mtandao unaokula muda wa kutafsiri unakula chakula chako.

Jipe miezi sita kabla ya kuhukumu. Na ndani ya miezi hiyo, kwenye ratiba yako ya Alhamisi, ongeza jambo moja: taja mtu. Ukiulizwa kazi usiyoimudu, au ukiwa umejaa, usijibu "samahani sina nafasi" ukaishia hapo. Peleka jina la mwenzako, na useme kwa sentensi moja kwa nini yeye. Yule mkalimani wa Kifaransa aliyenitaja hakupata shilingi kwa kunitaja. Tangu wakati huo, kila nikisikia mtu anatafuta Kifaransa, jina la kwanza mdomoni mwangu ni lake.